Reli za Muda Ukingoni mwa Paa: Nguvu Yake Iko Mguuni

Fundi anayeezeka hautazami ukingo. Macho yake yako kwenye bati, kwenye uzi alioupiga ili mstari usipinde, kwenye kichwa cha msumari. Akikunjua zulia la kuzuia maji juu ya paa bapa, anarudi kinyumenyume hatua kwa hatua, mgongo ukielekea kulekule kwenye hatari. Huo si uzembe, bali kazi yenyewe inamtaka awe hivyo. Ndiyo maana kumwambia "uwe mwangalifu" hakumfikishi mbali. Anachohitaji ni kitu kigumu kitakachomgusa mgongo kabla mguu haujakosa pa kukanyaga.

Kitu hicho ni reli ya kinga: nguzo fupi zilizofungwa ukingoni mwa paa, zikishika mbao au mabomba yaliyolazwa juu, katikati na chini. Ni ya muda tu, kwani huwekwa kazi ya juu inapoanza na kuondolewa inapokwisha. Na kwa kuwa ni ya muda, wengi huifunga kimuda. Nimekagua reli nyingi za aina hii, na kasoro ninayoikuta zaidi haiko kwenye mbao unazoziona ukiwa chini. Iko pale nguzo inaposhikana na jengo.

Kuna wanaouliza kwa nini tusumbuke na reli ilhali mkanda wa usalama wa mwili mzima upo. Mkanda una kazi yake, na kuna paa zisizofanyika bila huo. Lakini mkanda unadai mengi: mahali imara pa kufungia kamba, fundi akumbuke kujifunga kila anapohama, nafasi ya kutosha chini yake ili kamba imzuie kabla hajagonga kitu, na watu walio tayari kumshusha upesi, maana kuning'inia bila kujigeuza kunaweza kuondoa uhai. Reli haimdai fundi kitu. Inamlinda aliyechoka, aliyesahau, na kijana aliyeanza kazi asubuhi hiyohiyo. Ukianguka kutoka mita 3, unafika chini kabla sekunde moja haijatimia, ukiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Hapo hakuna muda wa kushika chochote. Kinga inayofaa ni ile iliyokwisha kuwepo.

Mkataba Namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu usalama na afya katika ujenzi, umeyataja mapaa waziwazi. Unataka watu na zana zao wazuiwe kuanguka pale kimo au mteremko unapozidi kiwango kilichowekwa na sheria za nchi. Viwango hutofautiana. Marekani, kwa kazi za ujenzi, kinga huanza kudaiwa kwenye kimo cha futi 6, yaani karibu mita 1.8. Kimo hicho ni kifupi kuliko wengi wanavyodhani. Ni kama urefu wa mtu mrefu aliyesimama.

Kimo cha reli hakikuchaguliwa kwa kubahatisha

Kanuni za Marekani zinataka ubao wa juu uwe sentimita 107 kutoka unapokanyaga, ukizidi au kupungua kwa sentimita 8 hivi. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 13374 kinataka usipungue mita 1. Sababu iko mwilini mwetu. Kitovu cha uzito wa mtu aliyesimama kiko karibu na usawa wa kitovu chake. Reli ikiwa juu ya hapo, mwili unaoegemea unarudishwa ndani. Ikiwa chini ya hapo, tuseme usawa wa paja, inageuka kuwa kigingi cha kumpindulia: miguu inabaki ndani, kichwa kinatangulia nje. Reli fupi kwa hiyo ni mbaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu mtu anaiamini na kuiegemea.

Hapa kuna jambo linalowapita hata wasimamizi wazoefu. Paa bapa huota unene kadiri kazi inavyoendelea. Siku ya kwanza fundi anakanyaga zege tupu na reli iko mita 1. Wiki moja baadaye zimelazwa mbao za kuzuia joto zenye unene wa sentimita 15, na sasa reli ileile iko sentimita 85 tu kutoka miguuni. Hakuna aliyeishusha, sakafu ndiyo iliyopanda. Pima kutoka pale mtu anapokanyaga leo, na ukijua tabaka zinakuja, weka nguzo ndefu tangu mwanzo.

Ubao wa kati upo kwa ajili ya aliyepiga magoti au aliyeteleza na kuanguka kwa ubavu. Ubao wa miguuni huzuia kiatu kisipenye na nyundo isimwangukie aliye chini. Marekani unatakiwa usipungue sentimita 9, na kiwango cha Ulaya kinataka sentimita 15 kwenye mapaa yenye mteremko mdogo. Kwa kanuni za Marekani, nguzo za mbao za inchi mbili kwa nne zisiachane zaidi ya mita 2.4. Ukitumia kamba ya waya kama reli ya juu, ifungwe vitambaa vya rangi inayoonekana kila baada ya mita 1.8, na ikazwe isilegee. Mikanda ya chuma au ya plastiki inayofungia mizigo haikubaliki kabisa: inakata mwili na inakatika.

Mguu wa nguzo

Nguvu inayotakiwa na kanuni za Marekani ni hii: reli ya juu istahimili msukumo wa nyutoni 890 kuelekea nje au chini, yaani kama uzito wa kilo 90. Mtu akisikia kilo 90 anaona ni kidogo. Msumari mmoja mzuri utashika, anasema. Tatizo ni kwamba nguzo ni mtaimbo. Tuseme imefungwa kwenye uso wa nje wa boriti kwa bolti mbili, moja juu na nyingine sentimita 20 chini yake, na msukumo unapigwa sentimita 107 juu ya bolti ya kwanza. Kilo 90 za pale juu zinakuwa zaidi ya kilo 550 zinazoing'oa bolti ya juu. Uzito ni uleule. Urefu wa nguzo ndio uliouzidisha. Ukiachanisha bolti hizo hadi sentimita 40, mvuto unashuka hadi kama kilo 330. Umeokoa zaidi ya theluthi moja bila kununua chochote zaidi ya kipande cha mbao.

Kuna paa moja nililopanda ambalo reli yake ilipendeza macho: mbao zimerandwa, zimepakwa rangi ya njano, pembe zote zimenyooka. Niliisukuma kwa kiganja kimoja, polepole, huku nikiwa nimejifunga mkanda wangu. Nguzo ililia. Kisha nikaona vichwa viwili vya misumari vikitoka kwenye ubao wa fashia kama ulimi unaochungulia, sentimita nzima. Mafundi wanne walikuwa wameiegemea asubuhi hiyo wakinywa maji. Fashia ni ubao wa kufunika ncha za kenchi na kubeba gata. Haikuumbwa kumshika mtu. Msumari laini nao hushika vizuri unapokatwa kwa ubavu, lakini ukivutwa kwa urefu wake hutoka kama ulivyoingia.

Kwa hiyo nguzo ishikane na kile kinachobeba paa: ubavu wa kenchi, boriti, ukuta wa zege, au papi nene kama imekusudiwa hivyo. Ukiifunga ubavuni mwa kenchi kwa bolti zinazopita hadi upande wa pili, msukumo hauivuti bolti kwa urefu wake tena, unaikata kwa ubavu, na huko ndiko bolti ilikozaliwa kufanya kazi. Mbao iwe nzima, isiyo na ufa wala fundo kubwa, hasa sentimita chache juu ya bolti ya juu, kwani hapo ndipo hupasuka kwanza. Mbao za reli nazo zipigwe upande wa ndani wa nguzo, upande wa fundi. Mtu akiziangukia, zinabanwa kwenye nguzo. Zikipigwa upande wa nje, mwili wake unazibandua kutoka kwenye misumari.

Njia ninayoipenda ya kuwathibitishia watu haya ni kujaribu chini kabla ya kupanda. Chukua nguzo moja, mbao ileile na bolti zilezile, uifunge kwenye boriti kama itakavyofungwa juu, ila safari hii ikiwa imelala, ncha ikielekea nje sambamba na ardhi. Ning'iniza nchani mifuko ya mchanga uliopimwa, kilo 90, kidogo kidogo, na mtu yeyote asikae chini yake wala mbele yake. Mvuto wa mchanga huo unafanana na msukumo wa mtu kwenye reli iliyosimama. Kikosi kikishaona kwa macho yake nguzo ya misumari ikiporomoka na ile ya bolti ikitulia, mjadala unakwisha.

Mteremko hubadilisha hesabu

Kwenye paa bapa mtu anaifikia reli kwa mwendo wa hatua. Kwenye paa lenye mteremko mkali anaifikia akiwa tayari anateleza, amelala, kasi ikiongezeka. Reli yenye mapengo mapana itamwacha apenye chini ya ubao wa juu. EN 13374 inagawa reli katika madaraja matatu kwa sababu hiyo. Daraja A ni la mteremko usiozidi nyuzi 10, na pengo lake linaweza kufika sentimita 47. Daraja B hufika nyuzi 30, pengo likiwa sentimita 25. Daraja C hufika nyuzi 45, na hapo pengo halizidi sentimita 10, ndiyo maana hutumika wavu au paneli za matundu madogo. Ukiijaza reli kwa turubai ili kuziba mapengo, jua kwamba umetengeneza tanga. Upepo utaisukuma usiku kucha, na nguzo zitakuwa zimelegea kabla hamjafika asubuhi.

Ukingo si wa nje peke yake. Tundu la kuingizia mwanga, la bomba la moshi, la ngazi, yote ni kingo. Nalo bati la plastiki linalopitisha mwanga, hasa lililozeeka, ni tundu lililofunikwa kwa kitu kinachofanana na sakafu. Mkataba 167 umeutaja udhaifu huo wa paa peke yake, na unastahili. Tundu lizungukwe na reli au lifunikwe kwa kifuniko kinachohimili mara mbili ya uzito wa watu na vifaa vitakavyopita juu yake, kilichopigiliwa, na kuandikwa kwa herufi kubwa TUNDU. Maandishi hayo si pambo. Fikiria mtu anaona kipande cha plaiwudi kimelala sakafuni. Anakiinua kwa mikono miwili ili akipeleke kunakotakiwa. Plaiwudi inamziba asione miguu yake. Anapiga hatua moja mbele, na tundu lilikuwa chini ya ubao alioubeba.

Pale mizigo inapopandishiwa, reli lazima ifunguke, na pengo hilo lina tabia ya kusahauliwa wazi. Weka kipande kinachotoka na kurudi, au lango, na anayechungulia nje kupokea mzigo awe amejifunga mkanda kwenye mahali pengine imara. Si kwenye reli. Reli ya ukingoni haikukusudiwa kufungiwa mkanda, wala kapi ya kuvutia ndoo, wala kuegemezewa rundo la mabati.

Swali la mwisho, na kwangu ndilo gumu kuliko yote, ni nani anayesimama ukingoni kabla reli haijawepo na baada ya kuondolewa. Anayeiweka na anayeiondoa ndiye aliye wazi zaidi. Kama kenchi zinaungwa chini, funga nguzo hukohuko chini, zipande pamoja na kenchi. Kama haiwezekani, zifungwe kutoka kwenye jukwaa lenye reli zake, au na mtu aliyejifunga mkanda.

Wakati wa kuondoa huwa kuna haraka, kwa sababu fashia na gata hazikai vizuri nguzo zikiwa njiani. Hapo ndipo reli hung'olewa siku mbili mapema na watu huendelea kumalizia ukingo huohuo bila chochote. Lipange jambo hili kabla ya kupiga msumari wa kwanza: ama tumia miguu ya nguzo inayopita chini ya fashia na kuacha nafasi ya gata, ama malizia ukingo kutoka kwenye jukwaa ambalo reli zake zinapanda juu ya usawa wa paa. Kisha fungua kuanzia mbali kurudi kwenye ngazi, ukiziba kila tundu la bolti unapoliacha ili maji yasipenye. Nguzo ya mwisho iwe ile iliyo kando ya ngazi, na anayeifungua awe amekwisha kushuka hadi kwenye jukwaa.