Kwa nini mkulima wa juu huko Bali humsubiri wa chini?

Kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, kimechanwa na mabonde marefu yanayoshuka kutoka milima ya volkano hadi baharini, na kwenye miteremko yake mpunga hulimwa kwa ngazi. Maji ya mto hukingwa kwenye banio, yakaingia mferejini, yakapenya handaki lililochimbwa kwa mikono, yakagawanywa, kisha yakagawanywa tena. Mwenye shamba la juu huyapata kwanza. Akitaka kuyafungulia yote kwake anaweza, na wa chini hana la kumfanya, maana maji hayarudishwi mlimani. Hata hivyo kwa karne nyingi wakulima wa juu wamekuwa wakiwaachia wa chini fungu lao. Si hilo tu: wamekubali pia kulima na kupumzisha mashamba kwa tarehe ambazo hawakuzipanga peke yao. Kwa nini?

Kwanza, wahusika. Wakulima wanaotumia mfereji mmoja huunda chama kiitwacho subak. Kisiwa kina subak zipatazo 1,200, na nyingi zina wakulima kati ya 50 na 400. Kila subak huchagua kiongozi wake, pekaseh, ina kanuni zake zilizoandikwa, na hutoza faini kwa anayeiba maji au asiyetokea siku ya kuzibua mfereji. Mkutanoni mtu wa tabaka la juu na mtu wa tabaka la chini wana sauti moja, jambo ambalo nje ya mkutano halikuwa la kawaida kisiwani humo. Ugawaji wenyewe hauhitaji mlinzi. Mfereji unapogawanyika hulazwa gogo lililochongwa mapengo, na upana wa kila pengo unalingana na fungu la kila upande. Maji yakijaa, kila mtu hupata mengi, na yakipungua, kila mtu hupungukiwa kwa kiwango kile kile. Mpita njia yeyote anaweza kuona kama pengo limechokonolewa.

Gogo linaeleza namna ya kugawana. Halielezi kwa nini wa juu alikubali liwekwe.

Jibu linalowajia wengi haraka ni kwamba lazima palikuwa na mkubwa aliyewalazimisha. Jibu hilo lina ukoo wa kisomi. Mwaka 1957 mwanahistoria Karl Wittfogel, Mjerumani aliyehamia Marekani, alidai kwamba umwagiliaji mkubwa huzaa utawala wa mabavu: kazi ya kuchimba na kugawa maji ni nzito mno, hivyo huhitaji mfalme mwenye makarani na viboko. Kwenye ramani Bali inaonekana kuthibitisha dai hilo. Ina mifereji mingi, na ilikuwa na wafalme wengi. Tatizo ni kwamba mto mmoja wa Bali mara nyingi ulipita katika milki za wafalme wawili au watatu waliokuwa hawapatani, na maji yaliendelea kugawanywa. Wafalme walitoza kodi na kupigana vita, huku ratiba ya maji ikipangwa na wakulima na makuhani wao. Wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba mkono wa wafalme ulikuwa mkubwa kuliko wanaanthropolojia wanavyotaka kukubali, hasa katika kujenga mabanio na kufadhili mahekalu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini hata wao hawamwoni mfalme akipanga nani alowanishe shamba wiki hii na nani asubiri.

Jibu la pili ni tamu zaidi, na limesambaa kwenye vipeperushi vya utalii: Wabali ni watu wa dini, wanaishi kwa mapatano na miungu, majirani na mazingira, kwa hiyo hugawana. Dini ipo kweli, tena imejaa. Kila subak ina hekalu lake la maji. Subak zinazotegemea chanzo kimoja hukutana katika hekalu la juu yake, na juu kabisa, kwenye ukingo wa volkano ya Batur, lipo hekalu la mungu wa kike wa ziwa lililo ndani ya volkano hiyo. Mlipuko wa mwaka 1926 ulilizika hekalu la zamani chini ya lava, likajengwa upya huko juu lilipo sasa. Mwaka 2012 UNESCO iliingiza maeneo kadhaa ya mfumo huu, mahekalu kwa majaruba, katika orodha ya urithi wa dunia.

Ila ucha Mungu peke yake ni nanga nyepesi. Mtu mwenye dini naye ana watoto wa kulisha, na duniani kote kuna watu wanaosali pamoja asubuhi na kushikiana mapanga mferejini jioni. Ukisema Wabali hugawana kwa sababu ni wema, bado unadaiwa maelezo: mbona wema huo uliwashinda wacha Mungu wengine? Wakulima wenyewe, walipoulizwa na mwanaanthropolojia Mmarekani J. Stephen Lansing, hawakujisifia wema. Waliulizwa kipi kinawasumbua zaidi, uhaba wa maji au wadudu. Wa chini walielekea kusema maji. Wa juu walielekea kusema wadudu.

Hapo ndipo penye jibu, na ni jibu la ajabu kidogo. Ushirikiano wa Bali umeshikwa, kwa sehemu kubwa, na mdudu mwenye urefu wa milimita tatu au nne.

Mdudu huyo ni wa rangi ya kahawia. Hukaa kwenye shina la mpunga, karibu na maji, akifyonza utomvu, na hutaga mayai ndani ya nyama ya jani pale linapokumbatia shina. Wakizidi, shamba hukauka kwa madoa ya mviringo kana kwamba mtu amepita na kijinga cha moto. Wengi wao huwa na mabawa mafupi na hawaendi popote. Lakini wakisongamana, au mmea ukianza kuzeeka, kizazi kinachofuata huota mabawa marefu na kuruka kutafuta mpunga mbichi. Maisha yake yote, tangu yai, hayafiki mbali zaidi ya wiki chache. Asipopata mpunga katika wiki hizo, amekwisha.

Kwa hiyo dawa yake ni njaa. Baada ya mavuno mashamba huachwa bila mpunga, yakafurikishwa maji, bata wakaingizwa kuokota masalia, na mdudu akakosa pa kulala na pa kula. Ila ukilaza shamba lako peke yako hujamuua, umemhamisha. Ni kama nyumba ya kupanga yenye vyumba sita ambapo mpangaji mmoja anapuliza dawa ya mende: mende wanahamia chumba cha jirani, wanakula huko, na harufu ikiisha wanarudi na watoto wao. Wapangaji wote sita wakipuliza usiku mmoja, mende hawana pa kukimbilia. Kinachoua ni kupuliza kwa pamoja, na eneo linalopulizwa lazima liwe kubwa kuliko masafa ambayo mdudu anaweza kukimbia. Hiyo ndiyo maana ya tarehe za pamoja. Panya nao, na virusi vinavyobebwa na wadudu wengine warukao, hudhibitiwa kwa njia hiyo hiyo.

Lakini tarehe za pamoja zina gharama. Mpunga hudai maji mengi zaidi mwanzoni, shamba linapolowanishwa na kuvurugwa kabla ya kupandikiza miche. Wote wakianza wiki moja, wote wanadai maji wiki moja, na mto hautoshi. Anayeumia ni wa chini. Yeye angependa aanze wiki kadhaa baadaye, maji yakiwa yamepungukiwa na wadai.

Tuweke hesabu, ya mfano tu. Tuseme wakilima kwa pamoja, wa juu hapotezi kitu, na wa chini hupoteza magunia 4 kwa kukosa maji. Wakipishana, maji yanatosha, ila wadudu wanazunguka kutoka shamba hadi shamba na kila mmoja hupoteza magunia 3. Wa chini atachagua kupishana: bora kupoteza 3 kuliko 4. Wa juu, ambaye angepata hasara sifuri kwa kulima pamoja, sasa anaumia magunia 3 kwa sababu ya uamuzi wa mtu asiye na tone la mamlaka juu ya maji yake. Afanyeje? Anampa wa chini maji yenye thamani ya magunia 2. Sasa kila mmoja anapoteza 2, na hakuna mwenye sababu ya kugeuka.

Mkono mtupu haulambwi, na wa chini hakuja mkono mtupu. Wa juu ana maji, wa chini ana wadudu, kwa maana kwamba akikataa ratiba wadudu wake watapanda mlima. Lansing na mwanauchumi John H. Miller waliiandika hoja hii kwa hesabu mwaka 2005, na ina tawi moja linalostahili kuchekewa. Punguza hasara ya wadudu katika mfano wetu kutoka magunia 3 hadi 1, na wa juu hana tena sababu ya kutoa maji yenye thamani ya magunia 2. Mapatano yanavunjika. Wadudu wakali ndio wanaojenga ujirani mwema, na dawa kamili ya wadudu, kama ingekuwepo, ingeuvunja.

Bali iliingizwa katika jaribio la kitu kinachokaribia hilo, bila kuulizwa. Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia ilileta mbegu mpya za mpunga zinazokomaa haraka, pamoja na mbolea, viuatilifu na mikopo. Nia ilikuwa njema: nchi ilikuwa ikiagiza mchele mwingi. Wakulima waliambiwa wapande mara nyingi kadiri wawezavyo na waachane na tarehe za mahekalu. Mara ya kwanza mavuno yalipanda. Kisha maji yakavurugika, na wadudu wakawa na mpunga mbichi mahali fulani kila wiki ya mwaka. Ikaletwa mbegu iliyostahimili mdudu wa kahawia, ukaja ugonjwa wa virusi. Viuatilifu viliwaua buibui wanaomla mdudu huyo, huku mayai yake yakiwa salama ndani ya jani. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za viuatilifu katika kilimo cha mpunga. Benki ya Maendeleo ya Asia, iliyokuwa imegharimia mradi wa kukarabati mifereji ya Bali, ilikuja kukiri katika tathmini yake kwamba kutothamini utaratibu wa wenyeji kuliwagharimu sana. Wakati huo subak nyingi zilikuwa zimeshaanza kurudi kwenye tarehe za mahekalu.

Lansing akashirikiana na mwanaikolojia James Kremer kuunda modeli ya kompyuta ya subak 172 za mito Oos na Petanu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Kila subak ya kwenye kompyuta ilianza na ratiba ya kubahatisha, ikapewa ruhusa moja tu: mwisho wa mwaka tazama majirani zako, na aliyevuna zaidi yako mwige. Hapakuwa na kuhani wala mfalme wala mkutano. Ndani ya miaka kama kumi ya kompyuta, makundi yenye ratiba moja yalijitokeza yenyewe, na ramani yake ilifanana mno na ramani ya mahekalu halisi. Ratiba iliyoshinda haikuwa ile ya mto mzima kupanda siku moja, wala ile ya kila subak kujiendea. Ilikuwa ya makundi ya kati, makubwa ya kutosha kumfungia mdudu njia, na madogo ya kutosha kupokezana maji.

Tusiipe kompyuta zaidi ya haki yake. Modeli inaonyesha kwamba mfumo kama wa Bali *ungeweza* kuzaliwa kwa kuigana. Haithibitishi kwamba ndivyo ulivyozaliwa. Pia inamrukia pekaseh kana kwamba hana kazi, ilhali mwaka wa kiangazi ndiye anayekwenda hekaluni kubishana na pekaseh wenzake juu ya nani ataanza, na hekalu ndilo linaloipa tarehe uzito wa kutovunjwa na mkaidi mmoja. Hesabu inaeleza kwa nini mapatano yanawalipa wote. Kuyafikia ni kazi nyingine.

Na hesabu hiyo hiyo inaonyesha mahali mfumo unapokwama. Hoteli inayovuta maji ya bonde haina mpunga, kwa hiyo mdudu hana cha kuitishia. Mbolea nayo iliendelea kuja hata baada ya tarehe za zamani kurudi, ingawa udongo wa volkano na maji yanayopita humo tayari yana fosfeti na potashi ya kutosha. Inayobaki bila kutumiwa hushuka na mifereji, jaruba kwa jaruba, hadi baharini, na watafiti wameikuta naitrojeni ya mbolea katika mifupa ya matumbawe ya pwani. Matumbawe ndiyo mtumiaji wa mwisho wa maji ya Bali, na hayana mdudu wa kumpandishia mtu wa juu.