Fundi anayekumbuka vipimo vya kila mtu

Kwenye kliniki yangu hapa Kisumu, familia ikileta mgonjwa wa demensia, yaani ubongo unaopoteza uwezo wake polepole, kwa kawaida lalamiko la kwanza ni kusahau. Mama huyu alikuja na jingine. Mumewe, fundi cherehani wa miaka 54 karibu na soko la Kibuye (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike), alikuwa anajua kiuno na mabega ya wateja wake wote bila daftari.

"Daktari, kichwa chake kiko sawa," aliniambia. "Aibu ndiyo imemtoka."

Mteja akiingia, fundi anatangaza mbele ya watu kwamba amenenepa. Kwenye matanga ya shemeji yake alinyakua nyama kwenye sahani ya mfiwa, akala huku anacheka. Nyumbani analamba sukari kwa kijiko. Mwaka mzima walizunguka kwenye maombi. Wengine walisema amerogwa, wengine ni pombe, na pombe hanywi.

Nilimpa maneno matatu ayashike. Baada ya dakika tano akayataja yote. Nikamwomba ataje maneno yanayoanza na M kwa dakika moja. Akasema mama, maji, mandazi, kisha mandazi, kisha mandazi tena, na mkono wake ulikuwa tayari ndani ya bakuli langu la sukari.

Hiyo ni demensia ya frontotemporali. Inashika sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso na zile za pembeni, usawa wa masikio. Hapo ndipo tunapojizuia, tunapomwonea mtu huruma na kupanga kazi. Mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, mtu akiwa bado na nguvu zake, kwa hiyo watu humhukumu tabia. Kwa wengine lugha ndiyo hutangulia: huyu anatamka kwa taabu, yule anaongea vizuri lakini ukimtajia ungo anauliza ungo ni nini. Mgonjwa ambaye daktari Arnold Pick, wa kwanza kuueleza ugonjwa huu, alimweleza mjini Prague mwaka 1892 alikuwa amepotelewa na lugha.

Picha ya MRI ya fundi ilionyesha ubongo umenywea upande wa mbele. Katika ugonjwa huu protini hufungana mafundo ndani ya seli, kama uzi unavyojisokota chini ya sindano mpaka cherehani inakwama. Kwa karibu nusu ya wagonjwa ni TDP-43, ambayo makao yake ni ndani ya kiini cha seli. Hutoka humo ikarundikana nje ya kiini. Kwa wengi wa waliobaki ni tau, inayoshikilia nguzo za ndani za seli za neva. Wachache wana FUS.

Nikauliza habari za ukoo. Mkewe akamkumbuka kaka mkubwa wa fundi: mikono ilinyong'onyea, ulimi ukawa mzito, akashindwa kumeza, akafa. Nilishtuka. Ugonjwa ule wa neva za misuli na demensia hii vinaweza kutoka kwenye jeni moja, C9orf72, iliyo kwenye kromosomu ya 9. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba kipande cha herufi sita za DNA, GGGGCC, hujirudia humo: kwa watu wengi chini ya mara 30, kwa wagonjwa mamia hata maelfu. MAPT na GRN, zote za kromosomu ya 17, nazo husababisha ugonjwa huu. Mzazi akiwa na hitilafu kwenye mojawapo ya jeni hizi tatu, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Fundi ana watoto wanne. Kabla ya kupima damu ya yeyote, nilikaa nao alasiri nzima, maana jibu la namna hiyo halirudishwi.

Dawa ya kuuzuia haipo. Zile za Alzheimer hazisaidii, na zinaweza kumvuruga zaidi. Haloperidoli, dawa ya kutuliza vurugu za akili, humkakamaza mgonjwa upesi, kwa hiyo naiogopa. Dawa za sonona za kundi la SSRI wakati mwingine hupunguza vurugu na ulaji.

Mkewe amebadilisha namba ya siri ya M-Pesa na kufungia sukari kabatini. Sasa yeye ndiye anayepokea wateja, na fundi ameketi nyuma ya pazia. Mama akiita jina, namba zinajibu kutoka kule: kiuno 34, bega 17, mkono 24.