Kabla ya Kuuliza Namba ya Risasi, Mjue Mnyama

Kila kundi jipya la wawindaji linapofika kwenye uwanja wa shabaha, swali la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, nichukue namba ngapi?" Anayeuliza ameshasikia namba nyingi, .308, .30-06, .375, naye anataka atajiwe moja inayozishinda zote. Nami humrudishia maswali matatu. Unakwenda kuwinda mnyama gani? Pori lenyewe likoje? Na ni umbali gani ambao una hakika kabisa hukosi? Bila majibu hayo, namba yoyote nitakayomtajia ni ya kubahatisha, na anayelipia kubahatisha huko ni mnyama anayekimbia na risasi tumboni, akaenda kufia kichakani baada ya siku mbili za maumivu.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Tunachokiita risasi kwa mazoea ni vitu vinne vilivyoshikana: ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Pini ikigonga fataki, baruti huwaka na gesi yake husukuma kichwa kupitia mtutu. Mtutu wa raifo umechongwa mifereji inayojiviringisha, ili kichwa kitoke kikizunguka kama pia na kiende bila kuyumba. Kinachomfikia mnyama ni kichwa peke yake, kipande cha gramu chache tu, na ndicho ambacho wanunuzi wengi hawakiulizii habari.

Namba za kwenye boksi nazo hazina kanuni moja. Katika .30-06, sehemu ya kwanza ni kipenyo kwa mia za inchi, na 06 ni mwaka 1906, ambao jeshi la Marekani liliipokea. Katika .30-30, namba ya pili ilitokana na uzito wa baruti, greni 30, yaani karibu gramu 2. Katika 7x57, ya kwanza ni kipenyo cha kichwa na ya pili ni urefu wa ganda, zote kwa milimita. Risasi ya .308 Winchester ya mwaka 1952 na .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 zinabeba kichwa cha kipenyo kilekile kabisa, inchi 0.308, zinachotofautiana ni ganda na kiasi cha baruti. Neno "Magnum" halikwambii zaidi ya hilo: kuna baruti nyingi kuliko ilivyozoeleka kwa kipenyo hicho.

Naomba usiichukulie habari hii kama mambo ya vitabuni tu. Risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia kwenye bunduki iliyotengenezewa .223, kwa kuwa maganda yake ni ya ukoo mmoja. Kichwa chake ni kinene kuliko mtutu. Ukifyatua, gesi hukosa pa kutokea, na bunduki inaweza kupasuka sentimita chache kutoka usoni pako. Soma maandishi yaliyogongwa kitakoni mwa ganda, soma yaliyochongwa kwenye mtutu, yalinganishe neno kwa neno. Yakipishana hata kidogo, risasi hiyo si ya bunduki hiyo.

Sasa tuje kwenye kiini. Risasi ya kuwindia humwangusha mnyama upesi kwa njia moja ya kutegemewa: kupasua moyo au mapafu yote mawili, damu ikashuka ghafla na ubongo ukakosa hewa. Ili kufika huko kichwa lazima kifanye kazi mbili zinazovutana. Lazima kipenye ngozi, misuli, na pengine mfupa wa bega. Na lazima kitanuke kidogo njiani ili jeraha liwe pana. Kikitanuka mapema mno, kinaishia begani. Kisipotanuka kabisa, kinatoboa tundu jembamba na kupitiliza, na mnyama anakwenda mbali kabla hajaanguka. Hii ndiyo sababu vichwa vya kijeshi, vilivyofunikwa shaba hadi nchani, vimepigwa marufuku kwa uwindaji wa wanyama wa kawaida katika nchi nyingi.

Watu hupenda kupima risasi kwa nishati, yaani jouli, na kipimo hicho kina maana yake: ni nusu ya uzito ukizidisha na kasi, kisha na kasi tena. Lakini jouli hazikwambii kichwa kitafanya nini kikishaingia mwilini. Mmarekani John Nosler alilijua hilo mwaka 1946 alipokuwa akiwinda elki (moose), yule kulungu mkubwa wa kaskazini, huko British Columbia nchini Kanada. Risasi yake, .300 H&H Magnum, ilikuwa na nguvu tele, ila vichwa vilikuwa vikisambaratika kwenye bega la mnyama na kushindwa kufika ndani. Aliporudi nyumbani hakutafuta bunduki kubwa zaidi. Alitengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hutanuka, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kupenya. Kufikia mwaka 1948 alikuwa na kampuni ya kuvitengeneza, na mpaka leo aina hiyo ya kichwa inauzwa.

Ndiyo maana nasisitiza: ukishapata namba inayofaa, nusu ya uamuzi bado haijafanyika. Boksi mbili za .308 zikiwa rafu moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti, moja ya kichwa laini kinachotanuka haraka kwa mnyama mwepesi, nyingine ya kichwa ambacho kiini chake kimegandishwa na ngozi yake ya shaba, au cha shaba tupu, kinachopenya kwa kina kwa mnyama mzito.

Kwa wanyama wadogo sitakaa sana. Sungura na wenzake wanatosheka na .22 Long Rifle, risasi ya tangu mwaka 1887, kichwa cha gramu 2.6, nishati isiyofika jouli 200. Mwisho wake ni kama mita 75 kwa mpigaji mzuri. Udogo wake usikudanganye, kwa sababu kichwa chake husafiri zaidi ya kilomita moja kikielekezwa juu, na hupenda kuruka kikigonga jiwe au maji. Kwa bweha na wanyama wa ukubwa wake, .223 Remington inatosha na kuzidi.

Ugumu huanzia kwa swala na kulungu, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujaribu kuivuta .223 kupita uwezo wake. Katika mikono mahiri na kwa kichwa sahihi inaweza kumwangusha swala mdogo. Kwa mnyama wa kilo 60 au 80 akiwa amesimama upande usiofaa, haina akiba ya kutosha. Sheria za nchi kadhaa zimeona hivyo pia. Ujerumani inataka angalau jouli 1,000 katika umbali wa mita 100 kwa kulungu mdogo, na kwa wanyama wengine wakubwa wenye kwato inataka kipenyo kisichopungua milimita 6.5 na jouli 2,000 katika umbali huohuo. Namibia imegawa wanyama katika ngazi tatu: jouli 1,350, 2,700 na 5,400, zikipimwa mdomoni mwa mtutu. Kenya, kwa upande wake, imepiga marufuku uwindaji wa burudani tangu mwaka 1977, kwa hiyo kabla ya kuchagua risasi hakikisha kwanza kwamba uwindaji wenyewe unaruhusiwa mahali ulipo na kwamba una kibali.

Kwa kundi hili la kati, .243 Winchester ya mwaka 1955 ni chaguo jema kwa swala na kulungu wepesi, na haimuumizi mpigaji begani. Ukisogea kwa nguruwe pori, tandala na wanyama wa kilo 150 hadi 300, hapo ndipo penye zile risasi zilizozoeleka: .270, 7x57, .308, .30-06. Tofauti kati yake ni ndogo kuliko kelele za mabishano yanayozizunguka. Mnyama aliyepigwa vizuri kwa moja ya hizo hawezi kukwambia ilikuwa ipi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 6.5x55, iliyoanza mwaka 1894 katika majeshi ya Sweden na Norway. Kwenye karatasi inaonekana ya wastani tu. Lakini kichwa chake ni kirefu na chembamba, uzito mwingi umelundikana nyuma ya ncha ndogo, kwa hiyo hupenya kwa kina. Wawindaji wa huko wamewindia elki kwa zaidi ya miaka mia, na elki dume hupita kilo 400.

Mfano huo usitafsiriwe vibaya, kama unavyotafsiriwa wa W. D. M. Bell. Huyu Mskoti aliua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa risasi ndogo ya 7x57, na jina lake hutajwa kila mtu anapotaka kutetea bunduki ndogo. Kinachoachwa nje ya simulizi ni kwamba Bell alikuwa akipasua mafuvu ya tembo kujifunza ubongo ulipo kutoka kila upande, alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, na alikuwa mlengaji wa nadra. Anayekosa hayo yote matatu asiazime mfano wake.

Kwa nyati, tembo, kiboko na simba, usalama wako na wa wenzako unaingia kwenye hesabu. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji huu zimeweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Aliyeweka alama hiyo ni .375 Holland & Holland Magnum ya mwaka 1912: kichwa cha gramu 19.4, jouli zinazokaribia 5,800. Juu yake kuna .416 Rigby ya mwaka 1911 na .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956. Hiyo ya mwisho ina funzo lake. Ganda lake ni fupi, na katika miaka ya mwanzo baruti ilishindiliwa mno humo ndani. Ikikaa muda mrefu iliganda mabonge, haikuwaka sawasawa, na kichwa kikatoka na kasi pungufu. Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959, baadaye alibuni .458 Lott yenye ganda refu zaidi ili nafasi ya baruti ipatikane.

Katika kundi hili uchaguzi wa kichwa hubadilika kwa kila mnyama. Simba na chui wana ngozi nyembamba na misuli iliyokaza. Wanataka kichwa kinachotanuka. Tembo anataka kichwa kigumu kabisa, maana ubongo wake umekaa nyuma ya mfupa mnene wenye vyumba vingi kama sega la nta, na kichwa kinachotanuka huishia humo. Kwa nyati, wengi huanza na kichwa kinachotanuka lakini kilicho imara, kisha vinavyofuata katika bunduki ni vigumu, kwa sababu baada ya risasi ya kwanza huenda utamwona kwa nyuma tu, akikimbia.

Kuhusu pori lenyewe, kuna imani sugu kwamba kichwa kizito kiendacho polepole hupenya vichaka bila kupotea njia. Si kweli. Kila kichwa kikigonga tawi hupinda, vyote, tofauti ni kiasi tu. Subiri mnyama atoke, au mwache. Penye uwazi tatizo huwa umbali. Risasi ya .308 iliyorekebishwa kugonga katikati kwa mita 100 itashuka karibu sentimita 10 ikifika mita 200, na karibu 40 ikifika mita 300. Sentimita 40 ni tofauti ya mapafu na mguu uliovunjika.

Lipo jambo ambalo wanaume hasa hawapendi kulikiri: teke la bunduki begani. Bunduki ya .375 hupiga takriban mara mbili ya .30-06, na mwili huanza kulikumbuka teke hilo kabla kidole hakijavuta. Macho yanafumba, bega linakwepa, risasi inakwenda chini. Nimemwona mwanafunzi akikosa karatasi nzima kwa mita 50 akiwa na bunduki kubwa, alipopewa .243, mashimo matano yalienea kiganja kimoja. Chukua kubwa pale tu mnyama anapoidai.

Madini ya kichwa nayo yana athari baada ya mnyama kuanguka. Kichwa cha madini yaitwayo risasi (lead) huacha vipande vidogo nyamani na kwenye matumbo yanayoachwa porini, na ndege walao mizoga huvila wakafa kwa sumu. Kwa ajili ya kondori, ndege aliyekaribia kutoweka, jimbo la California limezuia kabisa risasi za madini hayo katika uwindaji tangu Julai 2019. Vichwa vya shaba tupu vipo, vinapenya vizuri, na nyama inayoliwa na watoto inastahili tahadhari hiyo. Ukitumia ya zamani, kata na kutupa nyama pana kuzunguka jeraha.

Ukishachagua, nunua boksi kadhaa za aina ileile, si mchanganyiko. Nenda uwanjani, chora duara la sentimita 15, piga ukiwa umesimama, umepiga goti, umeegemea mti, namna utakavyokuwa porini. Rudi nyuma mita 25 kila mara mpaka risasi moja itoke nje ya duara. Umbali wa kabla ya hapo uandike kwa wino mzito juu ya boksi, uende nao.