Neva sio waya wa umeme, jamani

Kila nikianza kufundisha fiziolojia ya neva nauliza darasa swali moja: ishara inasafirije kwenye neva? Na kila mwaka jibu ni lilelile, "kama umeme kwenye waya, mwalimu". Hapo ndo kazi yangu inapoanza, maana jibu hilo ni tamu mdomoni ila likishakaa kichwani linaharibu kila kitu kinachofuata.

Kumbuka mara ya mwisho ulipojikwaa, kidole kikagonga mguu wa kitanda. Kwanza unasikia maumivu makali ya ghafla, alafu kuna kamuda kadogo hivi unajua kabisa balaa linakuja, ndo linafika lile la kuchoma, linaenea taratibu na halitaki kuondoka. Kidole ni kimoja, kipigo ni kimoja, ila taarifa zimepita njia mbili: moja kwenye nyuzi zenye spidi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde, nyingine kwenye nyuzi nyembamba zinazojikokota mita 1 hivi kwa sekunde, yaani mtu anayetembea kawaida anazipita. Umeme gani wa kwenye waya unachelewa hivyo?

Seli ya neva iliyotulia haijalala, imejichaji. Kwenye utando wake kuna pampu za protini, kila mzunguko zinatoa ayoni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu nje na kuingiza 2 za potasiamu ndani, kwa hiyo ndani potasiamu inajaa na nje sodiamu inajaa. Sasa utando una vitundu vinavyovujisha potasiamu, nayo ikitoka inaondoka na chaji yake chanya, ndani panabaki hasi kwa kama milivolti 70. Utasema milivolti 70 si kitu. Ngoja kwanza, unene wa utando ni kama nanomita 5 tu, ukigawanya unapata karibu volti milioni 14 kwa mita, wakati hewa ya kawaida inaanza kutoa cheche kwenye milioni 3 hivi! Mimi mpaka leo hii hesabu hainichoshi.

Sasa kikija kichocheo, volti ikapanda kutoka −70 mpaka karibu −55, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inamiminika ndani, volti inazidi kupanda, kupanda huko kunafungua milango mingine, ambayo nayo inaingiza sodiamu zaidi, na hapo hamna kurudi nyuma tena. Chini ya milisekunde 1 ndani pameshafika +30 au +40. Kisha milango ya sodiamu inajifunga yenyewe na ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, volti inashuka. Na hapa wanafunzi wananiua kwenye mtihani, wanaandika pampu ndo inashusha volti. Hapana! Ayoni zinazovuka kwa ishara moja ni chache mno, ukiisimamisha pampu ghafla neva nene inaweza kuendelea kurusha maelfu ya ishara kabla ya kuishiwa. Pampu ni mfanya usafi wa baadaye tu.

Umeona ayoni zinaenda wapi? Zinavuka utando, kuingia na kutoka, hazikimbii kutoka mgongoni hadi kidoleni. Ila sodiamu ikiingia hapa, chaji inasambaa kidogo mpaka kipande cha jirani, volti yake inapanda, milango yake inafunguka, naye anamwamsha wa mbele yake. Ni kama moto kwenye nyasi kavu, hakuna jani linalosafiri, kila moja linawashwa na jirani, ndo maana ishara inafika mwisho na nguvu ileile iliyoanza nayo. Na hairudi ilikotoka kwa sababu milango ya nyuma bado imejifunga kwa muda mfupi. Tofauti ni kwamba nyasi hizi zinaota upya ndani ya milisekunde chache. Zile neva zenye kasi kubwa zimevishwa mafuta ya mielini, moto unawaka upya kwenye mapengo ya mielini hiyo tu, spidi inafika hadi mita 120 kwa sekunde.

Haya tuliyajua kupitia ngisi. Ana aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, inayoweza kufika karibu milimita 1 kwa unene, unaweza kuingiza elektrodi (kijiwaya cha kupimia volti) ndani kabisa, na Alan Hodgkin na Andrew Huxley walifanya hivyo Plymouth, Uingereza, mwaka 1939. Wengi walitegemea volti ipande iishie sifuri, kumbe ikapitiliza ikawa chanya. Vita ikaingia, kazi ikasimama, milinganyo yao ya jinsi volti inavyopanda na kushuka ikatoka 1952, na Huxley alipiga hesabu zake kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono kwa sababu kompyuta ya Cambridge haikuwa inatumika wakati ule. Nobel ikaja 1963.

Ukitaka kuyahisi mwenyewe, kumbuka sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Lidokeini, dawa iliyomo kwenye sindano hiyo, inaingia kwenye milango ya sodiamu na kuiziba, basi. Neva haijakatwa, chaji yake ipo, ila moto umekuta nyasi mbichi. Nyuzi nyembamba za maumivu mara nyingi zinazimika kabla ya zile nene za mguso, ndo maana umekaa pale kwenye kiti unasikia kabisa jino linavutwa, linasukumwa, mpaka mlio wake kwenye taya unausikia, ila huumii.