Je, wajua? Mabamba ya chuma ya viwanja vya ndege vya vita hayakuibeba ndege

Katika picha nyingi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege zimeegeshwa juu ya mabamba ya chuma yaliyojaa matundu, yamefungamana kama mkeka. Mtazamaji hujiuliza: ikiwa chuma hicho ndicho kilichobeba ndege ya tani 12, mbona kilitobolewa namna hiyo? Tatizo liko kwenye swali lenyewe. Chuma hakikuibeba ndege. Udongo ulio chini yake ndio ulioibeba.

Tulitazame bamba kwanza. Wamarekani waliliita Marston, jina la kijiji cha North Carolina karibu na mahali lilipojaribiwa wakati wa mazoezi ya kijeshi ya mwaka 1941. Lilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, upana wa sentimita 38 na uzito wa kilo 30, kwa hiyo askari wawili walilibeba bila mashine. Lilikuwa na matundu 87, safu tatu za matundu 29. Matundu yalipunguza uzito, na kingo zake zilizokunjwa zililikaza bamba lisipinde ovyo. Upande mmoja mrefu ulikuwa na ndoano, na wa pili nafasi za kuzipokea. Bamba hupachikwa kwa jirani yake, husukumwa kidogo kwa ubavu hadi ndoano zikamate, kisha vibanio hugongelewa ili lisirudi. Safu inayofuata huanza nusu bamba mbele, kama matofali ya ukuta, ili maungio ya ncha yasikae mstari mmoja.

Njia ya kurukia ya mita 1,500 kwa 45 ilikula mabamba karibu 58,000, zaidi ya tani 1,700 za chuma. Mtu akiona shehena hiyo ikishushwa melini, ni rahisi kuamini kwamba uwanja ni chuma, na udongo ni mahali pa kukilaza tu.

Lakini mkeka huo si daraja. Daraja hupita juu ya utupu kwa sababu ni gumu na limeshikwa ncha zote mbili. Mabamba yaliyounganishwa kwa ndoano hucheza kwenye kila kiungo. Yakitandikwa juu ya tope laini, gurudumu likipita, bamba huzama, jirani yake huinuka na ndoano hupanuka. Haichukui muda kabla ya kingo kuanza kuchana matairi.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka Normandy, pwani ya kaskazini ya Ufaransa. Baada ya majeshi kutua huko tarehe 6 Juni 1944, wahandisi wa Uingereza na Marekani walijenga viwanja huko katika siku chache, na vingi havikuwekewa mabamba. Vingine vilitandikwa wavu wa waya wenye miraba, na vingine vilifunikwa kwa kitambaa cha juti, kile cha magunia, kilicholoweshwa lami. Kitambaa kililetwa kwa mikunjo mirefu na kutandazwa kipande juu ya kingo za kipande kingine, kisha maungio yakagandishwa. Juu yake zilitua ndege za Thunderbolt zenye uzito wa tani 6 na zaidi. Gunia halibebi tani 6. Kazi yake ilikuwa kuzuia mvua isiufikie udongo uliokwisha kushindiliwa.

Hii haina maana kwamba chuma hakikuwa na faida. Kiliusambaza uzito. Kisigino huzama kwenye tope, lakini ukilaza ubao unapita. Kwenye mchanga mkavu mabamba yalisaidia hata zaidi, kwa sababu mchanga ukibanwa usitawanyike hupata nguvu kubwa. Kilichokuwa adui hasa ni udongo wa mfinyanzi uliolowa, na hapo matundu yaligeuka kuwa tatizo.

Chukua sifongo iliyojaa maji, ifunike kwa chujio, kisha ibonyeze. Maji hupanda kupitia matundu. Ukiachia, sifongo huyanyonya tena. Sasa fikiria kwamba maji hayo yamebeba chembe laini za udongo. Kila gurudumu likipita, tope huruka juu kupitia matundu. Gurudumu likishapita, maji hurudi chini, lakini sehemu ya chembe hubaki juu ya chuma. Kwa hiyo kila mtuo wa ndege huhamisha udongo kidogo kutoka chini kwenda juu. Chini panabaki utupu, bamba hupinda kuufuata, na maji hupata mahali pa kujikusanya. Juu, breki zinateleza. Ukiona tope jembamba kama uji likitokeza kwenye matundu, ujue msingi tayari unaliwa. Kuongeza safu ya pili ya mabamba hakutibu kitu; dawa ni kung'oa, kukausha, na kuweka changarawe au mchanga unaopitisha maji.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ilimalizika kabla ya bamba la kwanza kulazwa. Mitaro huchimbwa kwanza. Mgongo wa njia huinuliwa katikati: kwa upana wa mita 45 na mteremko wa asilimia 1.5, katikati hupita kingo kwa sentimita 34 hivi. Udongo humwagwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, na kila tabaka hushindiliwa kabla ya lingine. Tabaka likiwa nene mno, roli, yaani gurudumu zito la kushindilia, hukaza juu tu, na chini panabaki laini.

Unyevu hupimwa hata kwa ngumi. Kamata udongo, ukaze, fungua vidole. Ukimomonyoka papo hapo, ni mkavu mno na chembe hazitelezi zikajipanga. Ukiacha kiganja kimelowa, una maji mengi, na maji hayashindiliki. Ukishikamana, kisha ukadondoshwa na kuvunjika vipande vichache, roli lianze kazi.

Kupima nguvu ya udongo wenyewe, wahandisi wa Jeshi la Marekani walichukua mbinu ya idara ya barabara ya California. Nondo ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 5 husukumwa ndani ya udongo polepole, milimita 1.27 kwa dakika, na nguvu inayohitajika hulinganishwa na ile ya kokoto bora. Sampuli hulowekwa kwanza siku 4, kwa kuwa uwanja hushindwa siku ya mvua.

Huko Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon, uwanja wa Henderson ulianzishwa na Wajapani, ukatekwa na Wamarekani mwezi Agosti 1942, na vikosi vyao vya kwanza vya ndege za kivita vikatua tarehe 20 mwezi huo huo. Mabomu yaliangushwa juu yake mara kwa mara. Kikosi cha ujenzi cha wanamaji, Seabees, kiligundua kwamba bomu la ratili 500 huharibu mkeka wenye eneo la mita za mraba 150 hivi, sawa na mabamba 128. Basi wakayafunga mabamba kwa mafungu ya kiasi hicho, wakayaweka kando ya njia, na malori yakakaa yamekwisha kujazwa mchanga na changarawe. Bomu likianguka, mabamba yaliyochanika hutolewa, lori humwaga, na watu wenye nyundo za hewa hushindilia kifusi kadiri shimo linavyojaa. Watu 100 walimaliza shimo moja kwa dakika 40, mabamba mapya yakiwemo. Nyundo hazikuachwa hata ndege zenye mafuta kidogo zilipokuwa zinazunguka angani zikisubiri kutua, maana shimo lililojazwa bila kushindiliwa hutitia chini ya mkeka, na gurudumu la kwanza kupita huliona.