Bili za matibabu na kampuni ya mtu mmoja Marekani: yanayosemwa na ukweli wake

Ukifungua kampuni yako peke yako Marekani, hutakosa mtu wa kukuambia: "Bili za hospitali lipia kampuni, kodi itashuka." Zipo kampuni ambazo ushauri huo unazifaa kabisa. Ila wengi wanaoupokea wana kampuni ya aina nyingine.

"Kampuni ni kampuni tu." Makosa mengi huanzia hapa, kwani sheria ya kodi ya Marekani hutofautisha kampuni ya C na kampuni ya S. Kampuni ya C hulipa kodi yake yenyewe, asilimia 21 ya faida tangu 2018, na mwenye kampuni aliyeajiriwa humo ni mfanyakazi kama wengine. Ikiwa na mpango wa kurejesha gharama za matibabu kwa wafanyakazi, itamrudishia hela ya miwani, ya kuziba jino, ya dawa. Kampuni inaziingiza kwenye gharama zake, na kwake yeye hazihesabiwi kuwa mapato.

Kampuni ya S kwa kawaida haitozwi kodi hiyo ya faida. Faida humfuata mwanahisa, akailipie kodi kwenye ritani yake. Na sheria inasema mwanahisa mwenye zaidi ya asilimia 2 ya hisa, linapokuja suala la marupurupu ya namna hii, ahesabiwe kama mbia, si mfanyakazi. Wewe una asilimia 100. Kampuni ikikulipia jino, hela hiyo inaingia kwenye mshahara wako na kutozwa kodi.

"Basi mwenye kampuni ya S hapati kitu." Anapata, tena si haba, ila ni upande wa bima. Tuseme mshahara wako ni dola 50,000 na kampuni imekulipia bima ya afya dola 7,200 kwa mwaka. Kwenye fomu W-2, ile ambayo mwajiri huandika mshahara wa mfanyakazi wa mwaka mzima, kisanduku namba 1 kitaandikwa 57,200. Visanduku namba 3 na 5, vya makato ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), vitabaki na 50,000, mradi bima imelipwa chini ya mpango wa kampuni kwa wafanyakazi wake. Kisha kwenye ritani yako binafsi unaziondoa zile 7,200. Ukiangalia haraka utaona ni mzunguko wa bure, hela inaingia huku na kutokea kule. Lakini bila ile W-2, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, haitambui kwamba bima hiyo ni ya kampuni, na haki ya kuiondoa unaipoteza.

Kuna masharti mawili yanayowanasa watu. Huwezi kuondoa zaidi ya mshahara uliolipwa na kampuni hiyo, kwa hiyo asiyejilipa mshahara haondoi chochote. Pia mwezi wowote ambao ulikuwa na haki ya kujiunga na bima ya mwajiri wa mwenzi wako, hata kama hukujiunga, hauhesabiwi.

"Nitamwajiri mke wangu, mpango uwe kwa jina lake." Mbinu hii haikutungwa hewani. Kwa mfanyabiashara asiye na kampuni inakubalika, mradi mke anafanya kazi kwelikweli na analipwa. Kwenye kampuni ya S haifanyi kazi, kwa sababu hisa za mume huhesabiwa kuwa za mke pia, na vivyo hivyo kwa watoto, wajukuu na wazazi.

"Bosi ni mimi, karatasi za nini?" Hili ni la wenye kampuni ya C. Malipo lazima yaje kwako kama mfanyakazi, chini ya mpango uliokuwepo kabla ya gharama. Ukichota tu hela ya kampuni na kulipa hospitali, IRS inaweza kuiita gawio: kampuni haiitoi kama gharama, na wewe unalipia kodi. Andika mpango, weka tarehe, tunza risiti.

"Kinachobaki nitakitoa kwenye ritani yangu." Ni kile tu kinachozidi asilimia 7.5 ya mapato yako yaliyorekebishwa. Mwenye mapato hayo ya dola 80,000 anaanza kuhesabu baada ya dola 6,000 za kwanza, na itamfaa tu ikiwa makato yake yote aliyoyaorodhesha yanapita punguzo la kawaida linalotolewa bila kuorodhesha gharama, ambalo kwa mtu asiye na ndoa lilikuwa dola 15,750 mwaka 2025. Wengi hawafiki. Kwa mwenye kampuni ya S, naona akaunti ya HSA, yaani akiba ya matibabu, ina nafuu zaidi, kama bima yake ni ya aina inayoiruhusu: mwaka 2025 mtu mmoja aliweza kuweka hadi dola 4,300, akaziondoa kwenye mapato, kisha akalipia jino kwa hela hiyo.

"Nikiajiri mtu wa pili, mpango unaendelea tu." Mpango wa kampuni ya C wenye mfanyakazi mmoja umeepushwa na masharti ya soko la bima ya sheria ya afya ya 2010. Anapoingia wa pili, msamaha huo unakwisha, na mpango usiotimiza masharti unaweza kutozwa dola 100 kwa siku kwa kila mfanyakazi. Mhasibu ajue kabla hujasaini mkataba wa ajira.