Je, wajua kwa nini mji wa shaba uligeuka makao ya wanahistoria na wanaisimu wa Kongo?

Lubumbashi ni mji uliozaliwa na shaba. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, reli ilipofika kutoka Rhodesia, na mwaka uliofuata tanuri la kampuni ya migodi ya Union Minière likaanza kuyeyusha madini. Kwa mji wa namna hiyo, mtu angetegemea chuo kikuu chake kisifike kwa wahandisi wa migodi na wataalamu wa miamba, nao kweli wapo. Lakini kati ya mwaka 1971 na 1981, mwanafunzi aliyetaka kusomea historia, isimu au fasihi katika kitivo cha chuo kikuu cha nchi, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilimlazimu kwenda kampasi ya Kasapa, pembeni mwa Lubumbashi, hata kama kwao ni Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo. Ilikuwaje?

Chuo chenyewe kilitokana na ugomvi wa Wabelgiji wao kwa wao. Mwaka 1954 Wakatoliki walifungua Chuo Kikuu cha Lovanium huko Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mwaka huohuo Brussels ilipata serikali mpya, na waziri wake wa makoloni, Auguste Buisseret, alikuwa mliberali asiyependa elimu yote ibaki mikononi mwa mapadre. Amri ya mfalme ya tarehe 26 Oktoba 1955 ikaanzisha chuo cha serikali kisichofungamana na dini, na masomo yakaanza Elisabethville mwaka 1956, chini ya jina refu la Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi. Wengi wa wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto wa wazungu. Katanga, jimbo la Elisabethville, ilipojitenga mwaka 1960, chuo kilibadilishwa jina. Iliporudishwa mwaka 1963, kikabadilishwa tena.

Sababu ya swali letu iko Kinshasa. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana mjini wakidai hali bora ya masomo na sauti katika uendeshaji wa chuo, na askari wakawafyatulia risasi. Miaka miwili baadaye wenzao walipotaka kuwakumbuka waliouawa, Rais Mobutu alikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Kisha, Agosti 1971, vyuo vikuu vitatu vya nchi, yaani Lovanium, kile cha Lubumbashi na kile cha Waprotestanti cha Kisangani, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, na vitivo vikagawanywa kati ya miji hiyo mitatu. Udaktari ulibaki Kinshasa, saikolojia na elimu zikapelekwa Kisangani, na Lubumbashi ikapewa fasihi, pamoja na historia na isimu zilizokuwa ndani ya kitivo hicho, na sayansi za jamii na siasa. Hoja iliyotolewa hadharani ilikuwa kwamba nchi isigharimie kitivo kilekile mara tatu, na hoja hiyo haikosi maana. Hata hivyo, ukiangalia ni masomo gani yaliyoondolewa mji mkuu mara tu baada ya maandamano, ni vigumu kuamini kwamba fedha peke yake ndizo zilizoamua.

Waliopanga hivyo hawakufikiria kwamba watu wa vitabu wakikusanywa mahali pamoja watazaa jambo lao. Mwandishi na mwanafalsafa V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alihamia Kasapa na kuwa mkuu wa Kitivo cha Fasihi. Kituo cha isimu, CELTA, kikaanza kuchunguza lugha za nchi. Mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki naye alifundisha hapo, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekwisha kufanya utafiti miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Katanga, akajiunga nao mwaka 1972. Walimu hawa walikuwa mbali na nyaraka za mji mkuu, ila walizungukwa na kambi za Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, ambamo watu waliotoka Kasai, Rwanda na kwingineko walikuwa wakiishi, wakizaa na kugombana kwa Kiswahili tangu siku za babu zao.

Mfano mmoja unatosha. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye kwa kawaida aliuza picha zake kwa watu wa kawaida ili wazitundike sebuleni, alimchorea Fabian historia nzima ya nchi katika picha zipatazo mia moja, kuanzia zama za kale, kupita kwa Wabelgiji na Lumumba, hadi siku ambazo hazijafika. Kisha waliketi na kinasa sauti, picha moja baada ya nyingine, na Tshibumba akaeleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi alichochora na kwa nini. Mazungumzo hayo yalisomwa baadaye na wasomi wa dunia nzima kama historia iliyoandikwa na mwanahistoria, na ndivyo Tshibumba mwenyewe alivyojiona.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kikajitegemea. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mudimbe alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Marekani. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Kisa hicho kiliharibu uhusiano wa Ubelgiji na utawala wa Mobutu.

Mazoea ya kuuhoji mji, hata hivyo, hayakufa. Wataalamu wa kilimo wa UNILU wamejaribu kuotesha nyasi zinazostahimili shaba huko Penga Penga, mtaa ambao udongo wake umeharibiwa na moshi wa tanuri lile la mwaka 1911. Kwa upande wa historia, Donatien Dibwe dia Mwembu na wanafunzi wake waliingia kambini kuwasikiliza wazee wa Union Minière na Gécamines wakisimulia wenyewe. Tangu mwaka 2000, pamoja na Jewsiewicki, mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi umekusanya masimulizi, nyimbo, picha na vitu vya nyumbani vya wakazi. Katika kazi hiyo Dibwe alionyesha jambo ambalo hesabu za kampuni zisingeweza kulionyesha: kwamba mfanyakazi aliyepewa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga aliiona kampuni kuwa baba yake, na Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, mzee huyohuyo alipoteza heshima ya ubaba ndani ya nyumba yake, kwa kuwa sasa aliyeleta chakula alikuwa mke, kwa biashara yake ndogo ya sokoni.